Jivu, Makumbi na Ukwaju

Mwaka 1983 pale Tanga sabuni ilikuwa kitu cha kupangia foleni. Vita vya Kagera vilikwisha miaka minne nyuma, fedha za kigeni zilikuwa haba, na msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, hata kile kidogo kilichokuwa madukani kikafichwa. Mche wa sabuni ukipatikana, bibi aliukata vipande akavifungia sandukuni pamoja na kanga zake. Hivyo vilikuwa vya kuogea na kufulia sare za shule. Vyombo havikuwemo katika hesabu hiyo.

Kazi ya kusafisha ilianza kabla ya kupika. Sufuria ikiwa bado haijapanda mafigani, bibi alichota jivu, akalitia maji kidogo, akaipaka nje yote, tako na mbavu. Masizi yaliishia kwenye jivu. Baada ya kula ukimwagia maji yanaporomoka yenyewe. Siku ukisahau kupaka, utasugua kwa kumbi la nazi na mchanga mpaka vidole vichubuke, na weusi bado umo.

Ndani nako ni jivu hilohilo, maana lina magadi na hukata mafuta ya samaki sawasawa. Lakini magadi hula alumini, sufuria ikapauka na kuingia weusi. "Suuza upesi wewe, hicho si chungu!" Nami naitika, "Abee, bibi," huku mikono inakimbia. Chungu chenyewe hakikuonja sabuni hata ilipokuwepo. Udongo huinywa, na mchuzi wa kesho utanuka povu.

Sinia ya shaba ilitolewa Idi ikikaribia. Hapo ni ukwaju: unarowekwa, unafikichwa, unapakwa na kokwa zake juu ya ile kutu ya kijani, kisha unauacha kidogo. Ukipitisha kidole, unatokea mstari unaowaka kama mkufu mpya. Ndiyo kazi pekee ya nyumbani niliyoigombania na kaka zangu. Ndimu ingefaa vilevile, ila bibi aliona huo ni ufujaji. Ndimu ni ya samaki.

Biashara ilipolegezwa, enzi za Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, shangazi akaja na sabuni ya unga na waya wa kusugulia. Sufuria zikang'aa mwanzoni, halafu zikajaa mikwaruzo, wali ukaanza kushika chini. Sabuni bibi aliipokea kwa mikono miwili. Ule waya akaenda kuzibia tundu la panya stoo.