Kwa nini piretre ya Tate haichanui Vitshumbi

Leo ninaandika juu ya maua. Wale wanaosema maua si chakula wanivumilie kidogo, sababu maua haya yalileta maneno katika jamaa yetu.

Tate, mama wa mama yangu, alikuwa analima piretre kule Kibumba. Ni ua dogo jeupe lenye kiini cha njano. Likikauka linatoa dawa ya kuua wadudu. Shina moja linakaa miaka. Tate alipofariki katika 2019, mabinti zake waligawana mashina. Mama alipanda yake hapa Rumangabo, na mama mdogo akapeleka yake mpaka Vitshumbi, ku ziwa Edouard, sababu bwana wake ni mvuvi. Ile iliyobaki Kibumba ilichanua sana. Yetu ilichanua kidogo. Ya Vitshumbi iliotesha majani tu, hata ua moja hapana. Mama mdogo akaanza kulia: «Mama alikufa na hasira juu yangu.» Na wengine wa jamaa wakaongeza chumvi, ndiyo desturi yao.

Mimi nilikataa. Piretre inaomba baridi. Isipopata usiku mwingi wa baridi, haianzi kutengeneza maua. Ukipanda mlima metre 1000, joto linapungua karibu digri 6. Vitshumbi iko ku metre 900 na kitu, sisi hapa tunapita 1500, na Kibumba iko juu zaidi. Hasira ya Tate iko wapi hapo?

Krizantemu ni jambo lingine kabisa. Yenyewe haiangalii sana baridi, inahesabu saa za jua. Kule Ubelgiji, mwezi wa 6 jua linakaa zaidi ya saa 16, mwezi wa 12 karibu saa 8. Krizantemu inangoja siku ziwe fupi, ndipo inachanua, na katika mwezi wa 11 watu wanaipeleka ku makaburi. Kwetu tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki dakika 10. Kwa krizantemu siku zetu zote ni fupi, basi inachanua hata mwezi wa 4!

Majani ya mapambo nayo nilifikiri. Mama amezungushia parseli matete, yanashika udongo na yanatupa miti ya maharagi, na vichwa vyake vya rangi ya dhahabu vinapendeza. Ndugu yake mmoja wa hapa Afrika, Wazungu wanaununua katika vyungu, baridi kali ikija unakufa, wananunua tena. Sisi matete tunawapa mbuzi. Lakini Vitshumbi viboko wanatoka ziwani usiku kula majani katikati ya nyumba, kwa hiyo niliacha mawazo hayo.

Likizo ya 2021 nilishuka na vichipukizi viwili vya krizantemu ndani ya jani la mgomba. Nilimweleza mama mdogo yote, na digri, na saa za jua. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Asante, mtoto wa masomo.» Akavipanda kando ya piretre. Miezi minne nyuma alituma habari kwamba krizantemu imechanua, ya njano.

Piretre hakuing'oa. Kila jioni bado anaimwagia maji ya ziwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano