Mvua ya Chogoria, Maji ya Madogo

Kwa sisi tuliokulia Bangale, Mlima Kenya ulikuwa jambo la kitabu cha jiografia. Ukisimama kando ya barabara ya Mwingi kwenda Garissa huuoni. Mbele yako ni migunga, nchi tambarare na anga. Darasani tulikariri kwamba Batian ina mita 5,199, Nelion 5,188 na Lenana 4,985. Tukakariri pia, katika somo jingine, kwamba Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya na kwamba unaanzia kwenye mlima huo na kwenye safu ya Aberdare. Masomo hayo mawili hayakukutana vichwani mwetu. Mlima ulikuwa wa wageni, na mto ulikuwa wa mifugo yetu. Miaka ya karibuni nimeona mawazo yakigeuka. Watu wazima, waliokwisha kulea na kuozesha, wanazungumza kuhusu kupanda mlima pamoja, na vikundi vya matembezi ya milimani vimekuwa jambo la kawaida mijini. Nafurahia mageuzi hayo, lakini naona yameiga desturi isiyotufaa. Kwa watu wa Tana, safari ya mlimani yenye maana ni ile inayofanywa na wazee, katika msimu wa mvua, upande wa mashariki wa mlima, bila kukifikiria kilele.

Desturi tuliyorithi ni ya kilele. Desemba 3, 1849, mmisionari Ludwig Krapf aliuona mlima huo akiwa Kitui, jirani zetu wa magharibi, baada ya kusimuliwa habari zake na Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi wa Wakamba aliyezijua njia za bara. Historia ikamkuza aliyeona na kumsahau aliyeeleza. Septemba 1899 Halford Mackinder akafika Batian. Mwaka 1943 wafungwa wa vita wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Nanyuki wakapanda hadi Lenana, kisha wakarudi kambini. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao akaipandisha bendera ya Kenya hapo hapo Lenana. Naziheshimu habari hizi, hasa ya Munyao. Ila zote zinahesabu mita za kwenda juu, na kwa hesabu hiyo mvua ni adui. Ndiyo maana mpandaji hushauriwa aende Januari na Februari, au kati ya Julai na Septemba, mbingu zikiwa safi. Ni shauri jema kwa anayetaka kilele. Anayetaka kuujua mto atafika wakati kazi yenyewe ya mlima imesimama.

Wengi watasema mto unatoka kwenye theluji, na theluji iko juu, kwa hiyo anayeutafuta mto sharti afike juu. Imani hii imeenea, na haina msingi. Barafu yote ya Mlima Kenya, hata wakati wa Mackinder, haikufika kilomita za mraba 2. Tangu hapo imeyeyuka karibu yote. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko nyingine, imepoteza sehemu kubwa mno ya ujazo wake tangu miaka ya 1930. Kama Tana ungetegemea barafu hiyo, ungekuwa umekauka zamani. Kinachoulisha ni mvua inayonasa kwenye msitu na kwenye nyanda za majani juu ya msitu, kule ambako udongo mweusi na mafundo ya nyasi hunyonya maji kama sifongo na kuyaachia taratibu kwa miezi. Kupungua kwa barafu kunasikitisha, na ni ushahidi wa wazi wa joto la dunia, lakini kunaweza kutupumbaza tukatazama juu huku hasara yetu inatokea chini, kwenye miti. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilikagua msitu huo kwa ndege likakuta miti ya asili imekatwa kwa maelfu, matanuri ya makaa yanafuka, na bangi imelimwa katikati ya hifadhi. Mwaka uliofuata msitu ukawekwa chini ya usimamizi wa shirika hilo. Picha za kileleni zilizopigwa miaka hiyo hazikuonyesha lolote kati ya hayo.

Upande wa mlima nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Njia mbili zinazopendwa zaidi, ya Naro Moru na ya Sirimon, ziko magharibi na kaskazini, na maji ya huko huelekea Ewaso Ng'iro hadi kwenye kinamasi cha Lorian. Mtu wa Bangale anayepanda kwa njia hizo anatembelea maji ya wengine. Maji yetu yako kusini na mashariki: Thiba, Rupingazi, Thuchi, Nithi, Mutonga. Upande huo, kwa kuwa unaukabili upepo wa Bahari ya Hindi, ndio wenye mvua kubwa kuliko pande zote. Tena kuna jambo ambalo kila mkazi wa Madogo, kwetu chini kando ya Tana, angepaswa kuelezwa. Mabwawa matano ya umeme, Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988), huyazuia maji yanayotoka juu yake. Lakini Nithi na jirani zake, ikiwemo Mutonga, huingia Tana chini ya Kiambere. Maana yake mvua kubwa ikinyesha Chogoria, upande huo wa mashariki, hakuna lango la bwawa linaloisimamisha kabla ya kutufikia. Mafuriko yanapokuja tumezoea kuyalaumu mabwawa peke yake, na lawama hiyo ina sehemu ya haki yake. Anayesimama kwenye maporomoko ya Nithi mwezi wa Aprili ataelewa kwamba ipo sehemu ya pili.

Kwa nini wazee? Kwa sababu wao tu ndio wenye kipimo cha kulinganishia. Mto walioujua ujanani ulifurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, kwa namna ambayo Mpokomo aliijua siku ya kupanda mpunga na Muorma aliijua siku ya kurudisha ng'ombe mtoni. Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa gharika la 1961 leo ana umri wa karibu miaka 80, na ameyaona maisha yote ya mabwawa. Ameiona El Nino ya 1997, ameona misimu 5 mfululizo ya mvua kukosekana katika ukame ulioanza 2020, kisha akaona mto ukirejea kwa hasira mwishoni mwa 2023. Aprili 2024 maji yalifunika barabara kati ya Madogo na Garissa hata watu wakawa wanavushwa kwa boti, na boti moja ikazama na kuua abiria. Kijana anaweza kuyajua hayo kwa kusoma. Mzee anajua ni malka zipi, njia za mifugo kwenda mtoni, zilizibwa, ni mkondo gani ulihama, na ni mwaka gani maji ya mto yalianza kufika mekundu kwa udongo katika majira ambayo zamani maji yalikuwa meupe.

Pingamizi la kwanza ni la usalama, na halipaswi kupuuzwa. Mwili wa mzee hautetemeki vyema kama wa kijana ukipata baridi, na mvua yenye upepo inaweza kumwangusha mtu hata pasipo barafu. Kikoi na shati la pamba, mavazi yetu ya kila siku, hushika maji na kuiba joto la mwili. Nakubali yote hayo. Lakini hatari ya kimo, ambayo wengi huitaja kwanza, haiongezeki kwa umri kama inavyodhaniwa. Tafiti zilizofanywa katika milima ya Colorado, Marekani, miaka ya 1990, hazikuona wazee wakiugua kuliko vijana. Kinachowafanya watu waugue milimani ni haraka, na haraka ni tabia ya ujana. Kanuni ya wataalamu ni kwamba juu ya mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya malazi ya usiku mmoja na mwingine, na kundi la wazee huifuata bila kuambiwa. Lango la Chogoria liko karibu mita 2,950, na maporomoko ya Nithi hayako mbali sana juu yake. Safari ninayoitetea inaishia hapo. Haihitaji kuamka usiku wa manane kwenda Lenana. Inahitaji sweta la sufu, koti la mvua linalofika magotini, gambuti, mwongozaji wa huko, daktari aliyepima presha kabla ya kuondoka, na mtu mmoja aliyekubaliwa na wote kwamba akisema turudi, wanarudi. Mwenye maradhi ya moyo abaki Chogoria mjini, na hadhi yake isipungue.

Wapo watakaosema vyombo vinatosha. Kuna kituo cha kupima hali ya hewa mlimani, mita 3,678, tangu 1999, na kuna vipimo vya kimo cha mto pale Garissa vya miongo mingi. Sina ugomvi na vyombo. Bila hivyo nisingejua nusu ya niliyoyaandika hapa. Ila chombo hakiketi kikaoni. Sheria ya Maji ya 2002 iliruhusu watumiaji wa kila mto mdogo kuunda chama chao, na mwaka 2015 ukaanzishwa mfuko wa kuwasaidia wakulima wa Tana ya juu kuhifadhi udongo, kwa ajili ya maji ya Nairobi na umeme wa mabwawa. Jiji ambalo haliko hata ndani ya bonde la Tana limejua kupanda kwenda kuzungumza na mkulima wa mlimani. Sisi wa chini, tunaokunywa yale yanayobaki, hatujaenda.

Na wale wanaouliza, mtu mzima anapanda mlima kufanya nini wakati hakuna ng'ombe aliyepotea, nawakumbusha kwamba hakuna mfugaji anayehamisha mifugo kabla ya kutuma watu wakague malisho. Wasomali huiita sahan, na hutumwa wenye macho ya kusoma nchi. Gharama ya gari kutoka Bangale hadi Chogoria, ikigawanywa kwa watu kumi, ni ndogo kuliko bei ya mbuzi tunaowachinja kwenye vikao ambavyo mada yake ni mafuriko hayo hayo. Wazee wakifika kule wakiwa wamelowa, waombe kukutana na chama cha watumiaji maji cha Nithi, wawaulize wakulima wanalima umbali gani kutoka ukingoni, na wawaeleze maji hayo huchukua siku ngapi kufika Madogo.