Neno Aliogopalo Mwalimu
Mwanachuo mmoja aliniuliza: ikiwa maada na kinyume chake hulingana, mbona ulimwengu umejaa maada tu? Kwa kuona haya, niligeuza somo. Ningeweza kumweleza haya: mwaka 1964, huko Marekani, James Cronin, Val Fitch na wenzao waliona kaoni zinazodumu zaidi, ambazo kwa ulinganifu huo zisingetoa pioni mbili, zikizitoa mara kama mbili katika elfu. Lakini hitilafu hiyo ndogo haitoshi. Ndiyo maana wataalamu wangali wakiichungua chembe ya tau, wakitafuta katika kuvunjika kwake nyutrino nzito ambayo haijapata kuonekana. Kesho yake nilikiri darasani: "Bado haijulikani." Mikono mingi iliinuka kuliko siku zote. Ndugu mwalimu mtarajiwa, usilifiche neno hilo. Ndilo lifungualo somo.