Barabara Ileile, Kila Siku

Ngamiani, Tanga
Jumamosi, baada ya Alasiri

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, ila mguu wa baba yako mdogo umeanza kumsumbua kama kawaida yake kila mvua zikikaribia. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ule mrefu uliourekodi ndani ya daladala huku kondakta akiita abiria nyuma yako. Nimeusikiliza mara mbili. Nimeona nikujibu kwa karatasi, maana kwenye simu nikianza kusema unanikatiza.

Umeniambia daktari amekutaka utembee kwa sababu presha imeanza kupanda. Umenunua saa inayohesabu hatua. Kila jioni huko Dar ukitoka kazini unaanzia Posta ya Zamani, unafuata Kivukoni mpaka Feri, unarudi. Na sasa umechoka, wala si miguu iliyochoka. "Shangazi, barabara ni ileile, watu walewale, hakuna kinachotokea." Kwa hiyo umepanga kuanza kwenda Coco Beach kwa gari la rafiki yako, na wiki nyingine mahali pengine, ili angalau macho yaone kitu kipya.

Mimi nakushauri ubaki hapohapo Kivukoni.

Tuanze na hiyo saa. Hatua 10,000 zinazokunyima raha hazikutoka kwenye kitabu cha uganga. Zilipata umaarufu Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipotoa kifaa cha kuhesabu hatua kikabeba namba hiyo kwenye jina lake. Ni namba nzuri ya kuuzia kitu. Kutembea kuna faida kubwa, na presha haiwezi kukudai risiti ya hatua ya mwisho. Nimevaa sare ya unesi mpaka nikastaafu, hilo nalisema bila kusita. Dawa ulizoandikiwa meza kama ulivyoandikiwa, hatua usizifanye deni. Anayehesabu hatua huangalia mkono wake. Njia ataiona saa ngapi?

Babu yako, Mungu amrehemu, akituona tumetoka nyumbani bila kutumwa alikuwa anatutupia neno: mtembezi hula miguu yake. Simlaumu, siku zile kuni na maji havikujileta vyenyewe. Lakini mzee huyohuyo, kila siku akishaswali Alasiri, anavaa kanzu, anachukua bakora, anatoka. Akiulizwa anakwenda wapi, anajibu, "Nanyoosha miguu." Njia yake ilikuwa moja miaka yote. Na akirudi ndiye aliyejua nyumba gani ina mgonjwa, mashua ya nani haijarudi, na ndoa ya nani imeanza kuingia ufa. Mama akimwuliza nani kamwambia, anasema hakuna aliyemwambia. Kaona tu.

Nilipokuwa bado kazini nilikuwa nadhani ni umbea wa wazee. Baadaye nikasoma habari za Kamoya Kimeu, nikamwelewa baba yangu.

Huyu Kamoya alikuwa Mkenya, Mkamba, aliyefariki mwaka 2022. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Alisoma shule ya msingi miaka michache, akaingia kwenye kazi ya kutafuta mifupa ya kale pamoja na akina Leakey, familia ya watafiti. Agosti 1984 yeye na wenzake walipiga kambi kando ya mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ni mto wa jina, kwa muda mrefu wa mwaka ni mchanga mtupu. Walikuwa wametafuta siku kadhaa bila kupata cha maana. Ikafika siku ya mapumziko, ile siku ya kufua na kulala kivulini. Kamoya akatoka kutembea. Hakwenda mbali, mita mia tatu hivi kutoka kambini, ng'ambo ya pili ya mto. Pale chini pamejaa vijiwe vyeusi. Katikati ya vijiwe hivyo akaona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, rangi yake sawa na vijiwe vilivyokizunguka.

Akaokota, akajua. Richard Leakey na mtafiti mwenzake Alan Walker wakaja, kazi ya kuchimba ikachukua misimu kadhaa, na wakatoa karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyeishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita. Ndiye yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, yuko Nairobi. Mwaka uliofuata Kamoya alipokea medali ya jumuiya ya National Geographic, akakabidhiwa na Rais Reagan huko Marekani. Yote hayo yalifuata baada ya mtu kukataa kulala mchana.

Watu husema ilikuwa bahati. Haya, tuseme bahati. Mbona mahali pale mbuzi wanapita, wachungaji wanapita, na wenzake kambini nao walikuwa na macho? Kamoya alikuwa ameangalia ardhi ya namna ile kwa zaidi ya miaka ishirini. Alivijua vijiwe kama ulimi unavyoyajua meno: likitokea pengo au kikiingia kipande cha mfupa wa samaki, ulimi unashtuka wenyewe, hauhitaji kuambiwa. Mgeni aliyefika Nariokotome siku ile kwa mara ya kwanza angeona vijiwe, vyote vipya kwake, vyote sawa. Ndiyo maana nakukataza kuhama barabara. Kitu kigeni hujitokeza kwa anayekijua kilichozoeleka. Ukibadilisha njia kila wiki, kila kitu kitakuwa kipya, na kwa hiyo hutaona hata kimoja.

Na hapa kwetu, Oldupai, ilikuwa vivyo hivyo. Tarehe 17 Julai 1959 Louis Leakey alikuwa mgonjwa, amelala kambini. Mkewe Mary akatoka na mbwa wake kuangaliaangalia ardhi. Bonde lile yeye na mumewe walikuwa wakirudi kulichunguza tangu miaka ya 1930. Asubuhi ile akaona mfupa ambao haukukaa kama mifupa mingine iliyolala juu ya ardhi. Huu ulikuwa unachomoza kutoka chini. Akapangusa udongo, meno mawili makubwa yakaonekana. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa kale, Zinjanthropus, la miaka ipatayo milioni moja na robo tatu, na dunia nzima ikaanza kuitazama Afrika Mashariki kwa jicho jingine. Unajua fuvu hilo limehifadhiwa wapi? Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Wewe unakatiza Posta kila siku, dakika chache tu kwa miguu kutoka hapo, halafu unanitumia ujumbe wa kulalamika.

Usije ukadhani nakutaka utembee umekunja uso kama mtu anayetafuta hela iliyopotea. Nyayo za kale za Laetoli, nazo za hapa kwetu, zilianza kuonekana kwa upuuzi. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa kwenye kambi ya Mary Leakey walikuwa wanarudi kambini, wakaanza kurushiana mavi makavu ya tembo. Watu wazima, wasomi! Mmoja wao, Andrew Hill, akawa anakwepa, akaanguka, na alipokuwa bado chini akaona alama za wanyama kwenye jivu la volkano lililogeuka jiwe. Miaka miwili baadaye, katika jivu hilohilo, zikafukuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Jivu lilikuwa limedondoka, manyunyu yakalilowesha, wao wakapita, likakauka. Kwa hiyo cheka njiani, rushianeni maganda ya machungwa ukipenda. Ila ukianguka, usiinuke haraka.

Kuna na yule mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, aliyetoka na mbwa wake mwaka 1941 akarudi nyumbani nguo zake na manyoya ya mbwa vimejaa vijimbegu vya kunasa, jamaa wa kishonanguo chetu. Sisi tunakibandua tukikilaani. Yeye aliviweka chini ya hadubini, akaona kila kimoja kina vijindoano. Ikamchukua zaidi ya miaka kumi ya majaribio mpaka ukapatikana ule mkanda wa viatu vya watoto unaonata na kubanduka kwa mlio wa kuchanika, Velcro. Matembezi ya siku moja, kazi ya miaka. Hilo nalo ulijue.

Mimi sina fuvu wala medali. Nilichonacho ni muuza kahawa.

Tangu nistaafu natoka alfajiri ikishapambazuka, nakata barabara zetu hizi za namba, nateremka mpaka Raskazone kuona bahari, narudi. Kwenye kona moja kuna mzee aliyekuwa anauza kahawa chungu na kashata. Sikuwa namjua jina, yeye ananiita Bi Nesi, mimi namwita Mzee wa Kahawa. Kila nikipita, birika liko juu ya mkaa na vikombe viko kwenye ndoo. Asubuhi moja nikapita nikafika kama nyumba mbili mbele, nikasimama. Kuna kitu hakikukaa sawa, na mwanzo sikujua ni kitu gani. Kisha nikagundua: harufu. Jiko halikuwashwa. Nikarudi. Benchi lipo, ndoo ipo kavu, mlango wa chumba chake umerudishwa tu. Nikabisha hodi, kimya. Nikaita vijana wa bodaboda waliokuwa hapo karibu, tukaingia. Mzee yuko sakafuni, jasho limemlowesha, maneno hayashikani. Alikuwa na kisukari, amepiga sindano usiku na hakula. Fahamu bado zilikuwepo na alikuwa anaweza kumeza, nikamkorogea sukari, sukari aliyonayo mwenyewe kwa ajili ya wateja, nikamnywesha kidogokidogo. Akafumbua macho, akaniuliza kwa nini nimeingia chumbani kwake na viatu.

Tukampeleka hospitali, akapona. Vijana wa bodaboda walikuwa wanapita pale mara nyingi kuliko mimi, lakini wanapita mbio.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hakuna anayekuambia. Tangu siku hiyo sina tena matembezi ya peke yangu. Habari zilienea barabara nzima. Nikipita hapa naitwa kibarazani nisome karatasi ya vipimo, pale nipime presha ya bibi, kule mama mkwe kagoma kumeza dawa naombwa nimtishe kidogo. Raskazone nafika jua limeshachoma. Muuza kahawa mwenyewe amekuwa mkali kwangu kama ndugu, nisipopita siku moja anatuma mtoto kuulizia. Hayo ndiyo yanayofuata ukitoka kutembea: unahusishwa. Ukijua mtu huwa anakaa wapi, siku hayupo unalazimika kuuliza. Kama hutaki kuhusishwa na mtu, basi kweli bora gari la rafiki yako, na vioo mpandishe.

Najua wewe ni mwanamke na Dar si Ngamiani. Giza likianza kuingia, geuza. Simu iweke ndani ya mkoba na mkoba upande wa ukuta, maana wale wa pikipiki wanakwapua kabla hujasema "hee". Vile vidude vya masikioni vitoe kabisa. Ukiziba masikio humsikii anayekusalimia wala anayekuja nyuma yako. Na usalama mkubwa kuliko wote ni kujulikana. Yule mama anayeuza karanga na mihogo karibu na kituo, nunua kwake hata kipande kimoja, umwulize watoto wanasoma wapi. Wabeba samaki pale Feri wasalimie. Baada ya muda, akikusumbua mtu kwenye barabara hiyo, hutahitaji kupiga kelele mara mbili. Watakaokuposa watakuwepo, hilo siwezi kulizuia. Jibu kwa adabu uendelee.

Na siku moja ya kazi, mchana, usile ofisini. Tembea mpaka Makumbusho, ulipe kiingilio, usome habari za lile fuvu. Usilitafutie picha ya kunitumia, nililiona kwenye vitabu zamani.

Mwezi wa saba nakuja huko kwa ajili ya macho yangu, daktari ameniandikia kliniki. Nitafikia kwako. Jioni utanitembeza Kivukoni, na sitaki kuoneshwa majengo, nayajua tangu hujazaliwa. Nitakuuliza majina: muuza karanga ni nani, kwao wapi, pantoni ipi imeharibika tangu lini, mlinzi wa lile geti la bluu kwa nini leo kakaa mwingine. Ukishindwa kujibu, nauli ya kurudi Tanga utanilipia wewe.

Mama yako mwambie unga wa muhogo nimeuweka, nitakuja nao. Wasalimie wote nyumbani.

Wasalaam,
Shangazi yako