Wulfstan Alirudi Jumapili Iliyofuata

Wasee, leo tuongee kuhusu mtawa wa Uingereza aliyekufa mwaka 1095. Ngoja, usipite bado.

Anaitwa Wulfstan. Alikuwa mtawa pale Worcester, akapanda hadi kuongoza wenzake, na mwaka 1062 akawa askofu. Miaka minne baadaye Wanormani wakavamia nchi, na maaskofu wenyeji wakaanza kupisha wageni. Kuna waliomwona Wulfstan mshamba asiyesoma sana, lakini alibaki askofu mpaka kifo.

Kwangu mimi, cheo si hoja. Hoja ni Bristol. Wafanyabiashara wa mji huo walikuwa wananunua vijana kutoka kila pembe ya Uingereza, wanawafunga kamba, wanawauza Ayalandi. Waingereza wakiuza Waingereza! William wa Malmesbury, aliyeandika maisha ya Wulfstan, anasema hata mfalme hakuwatisha.

Sasa Wulfstan alifanya nini? Alikuwa anaenda Bristol na kukaa huko miezi miwili, hata mitatu. Kila Jumapili anahubiri dhidi ya biashara hiyo. Pole pole watu wa mji wakageuka. Mmoja aliyekaidi walimfukuza na kumtoboa macho, na hiyo siwezi kuitetea hata kidogo. Lakini biashara ilivunjwa na wenyeji wenyewe. Mwaka 1102, miaka saba baada ya kifo chake, baraza la kanisa pale Westminster likapiga marufuku kuuza watu kama wanyama.

Hii stori inanigusa kwa sababu binti wa shangazi yangu alipelekwa Ghuba na ajenti aliyemwahidi kazi nzuri. Kufika tu, akanyang'anywa pasipoti. Alirudi nyumbani, shukrani kwa Mungu, lakini ajenti bado ana ofisi na bado vijana wanapanga foleni. Video yangu kuhusu hayo mambo ilisambaa siku tatu, kisha watu wakahamia drama nyingine.

Maoni yangu ni haya: tumezoea kudhani jambo likisambaa, tumeshinda. Hapana. Wale wafanyabiashara wangeweza kuvumilia mahubiri ya siku moja. Kilichowashinda ni mzee aliyekuwa anarudi Jumapili iliyofuata, na ile nyingine, akiwaangalia usoni.

Kwa hivyo kila Jumapili nitakuwa hapa na mada hii hii, hata kama mtaniambia nimewachosha.

Na wewe, ni jambo gani la mtaani kwenu uko tayari kulirudia miezi mitatu? Niandikie hapo chini.