Shokomzoba
Pikapu ya marehemu baba iliongezewa chuma kimoja katika springi za nyuma ili ihimili magunia. Leo humbeba mama kwenda kliniki, na kila shimo humchoma mgongoni. Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, kuulizia shokomzoba.

“Shokapu mpya pekee hazitoshi,” fundi akanisahihisha, neno na fikra pamoja. “Gari hili bado lasubiri mzigo.”

Tukafunga shokapu, tukakitoa kile chuma. Biashara ya magunia nayo nikaiaga.

Kariakoo yenyewe imebeba jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza: migongo iliyochukua mizigo bila springi.

Safari iliyofuata, mama hakulalamika. Tulipofika Ilala, alikuwa amesinzia.