Mgeni wa Usiku Mmoja

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye gesti. Nilianza kama mhudumu wa vyumba, nikakaa mapokezi, nikawa msimamizi, kwanza maeneo ya Ubungo jijini Dar es Salaam, baadaye katika miji midogo iliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Kazi hii hukuweka mahali ambapo malalamiko yote ya wageni lazima yapitie: kunguni, shuka zinazonuka jasho la mtu mwingine, bomba linalotoa hewa badala ya maji, feni iliyokufa, chandarua kilichofungwa mafundo kwenye matundu, kitasa kinachofunguka kwa kusukumwa kwa bega. Mgeni huyaona kama mikosi mbalimbali iliyomwangukia usiku mmoja, akaondoka akisema ameingia kwa watu wachafu. Kwa jinsi nilivyoiona kazi hii kutoka ndani, karibu yote yana chanzo kimoja. Gesti mbovu huishi kwa fedha za mtu ambaye hatarudi tena, na mwenye nyumba analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Lazima kwanza msomaji akumbuke safari zetu zilivyokuwa. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya mikoani yalipigwa marufuku kusafiri usiku kucha, sababu ikiwa ajali na ujambazi wa barabarani. Basi la kwanza lilitoka stendi saa 12 asubuhi, na abiria alitakiwa awe amefika saa 11 alfajiri, kabla daladala hazijaanza kupatikana kwa uhakika. Aliyekaa Mbagala au Kigamboni, au aliyeingia jioni kutoka mkoa mmoja akielekea mwingine, alilazimika kulala karibu na stendi. Stendi ya Ubungo ikazungukwa na gesti za kila namna. Mgeni wa gesti hizo alikuwa wa aina moja: anafika usiku na mizigo, amechoka, analipa kabla ya kuona chumba, anajaza kitabu cha wageni jina, kabila, kazi, atokako na aendako, analala saa chache, anagongewa mlango saa 10 alfajiri na kuondoka gizani. Chumba hakukiona kwa mwanga wa jua hata mara moja. Mara nyingi hata jina la gesti halikumbuki, maana aliletwa na mpigadebe au bodaboda aliyepewa chochote mapokezi kwa kumleta. Mteja wa namna hiyo hawezi kumwadhibu mwenye nyumba kwa kuhama, kwa kuwa tayari amehama.

Chukua suala la shuka, ambalo watu wengi huliona dogo. Kitanda kimoja kinahitaji angalau jozi tatu: moja kitandani, moja kwenye kamba, moja kabatini. Gesti nyingi za stendi huwa na jozi mbili, nyingine zina moja na nusu. Wakati wa kiangazi mambo huenda, shuka hufuliwa asubuhi na saa 8 mchana zimekauka. Masika yakiingia, kati ya Machi na Mei, kamba inabaki na nguo mbichi siku mbili, na mhudumu ana vyumba vilivyokwisha kulipiwa. Hapo shuka ya jana inakung'utwa, inageuzwa upande wa pili, inanyooshwa kwa kiganja na kunyunyiziwa manukato. Mhudumu hakuchagua kufanya hivyo, aliyechagua ni yule aliyekataa kununua jozi ya tatu. Angalia pia rangi. Shuka nyeupe si ghali sana kuliko ya maua makubwa ya kahawia na zambarau, ila nyeupe husema ukweli. Kwenye gesti za stendi nimekuta maua zaidi ya kwenye bustani za manispaa.

Kunguni nao wana hesabu yao. Watu husema ni matokeo ya uchafu, lakini kunguni hahitaji uchafu, anahitaji ufa wa kujificha na mtu wa kumnyonya. Huletwa na mizigo, hukaa kwenye maungio ya kitanda cha mbao, kwenye mshono wa godoro, nyuma ya fremu ya mlango. Katika joto letu yai huanguliwa kwa siku chache, na mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Dawa za kupuliza za madukani mara nyingi hazifui dafu: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kutoka vijiji vya Muheza, mkoani Tanga, ulionyesha kunguni waliokwisha kujenga usugu dhidi ya dawa zilezile zinazowekwa kwenye vyandarua. Kinachofaa ni kazi ya mikono na joto. Unafungua kitanda kipande kwa kipande, unamwaga maji yanayochemka kwenye maungio, unaziba nyufa, unachemsha shuka, unalivisha godoro mfuko wa nailoni usio na tundu, halafu unarudia baada ya wiki mbili kwa ajili ya mayai yaliyobaki. Haya yote yanajulikana kwa kila mhudumu mzoefu. Shida ni kwamba chumba lazima kifungwe, na chumba kilichofungwa hakileti hesabu. Mwenye nyumba anayetaka fedha yake kila asubuhi anapima mawili, hasara ya leo ambayo ni ya hakika na lawama ya mgeni ambaye saa hizo yuko Chalinze. Kwa upande wa mfuko wake hajakosea.

Utetezi wa kawaida ni bei. Ulilipa kidogo, ulitegemea nini? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama gesti zote za bei hiyo zingekuwa sawa, na haziko hivyo. Katika miji ya wilaya, bei ileile au chini yake, nimefanya kazi kwenye nyumba zenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa, ndoo yenye mfuniko, kandambili zilizooshwa na shuka nyeupe. Wageni wake walikuwa wafanyabiashara wa minada wanaopita kila wiki, madereva wa malori, na watumishi wa serikali walio ziarani. Dereva wa lori akiumwa na kunguni mara moja, wenzake wote watajua kabla ya kufika Tunduma. Ushahidi unaonitosha zaidi, hata hivyo, ulikuwa chini ya paa moja. Gesti za stendi huwa na vyumba viwili vitatu vya madereva na makondakta wa mabasi, watu wanaolala pale kila safari na ambao wanaweza kuelekeza au kupotosha abiria arobaini. Vyumba hivyo hulipiwa pungufu. Na ndivyo vyenye godoro jipya, balbu inayowaka na kitasa kilichotengenezwa. Mwenye nyumba ni yuleyule, mhudumu ni yuleyule, maji ni ya kisima kilekile. Tofauti pekee ni kwamba mtu huyu atarudi keshokutwa.

Wengine huwalaumu wageni: wanaiba taulo, wanazima sigara kwenye godoro, wanafua nguo kwenye sinki na kulifumua. Ni kweli, na sitawatetea. Lakini wageni wa aina hiyo wapo pia kwenye hoteli za kifahari, tofauti ni kwamba kule kuna fungu la matengenezo. Ama lawama kwa wahudumu, ambayo huja kwa sauti kubwa zaidi, inasahau kwamba dada mmoja husafisha vyumba vyote, hufua, hukaa mapokezi usiku, hufungulia polisi wakija kukagua kitabu, na haruhusiwi kutoa hata fedha ya balbu bila kupiga simu kwa tajiri.

Kuna pingamizi moja lililonisumbua. Wapo wateja wanaorudi, tena mara kwa mara, nao hupewa vyumba vibaya kuliko vyote: wale wanaochukua chumba kwa saa moja au mbili tu, mchana. Ikiwa kurudi kwa mteja ndiko kunakoleta usafi, mbona hao hawaupati? Jibu langu ni kwamba hawa hurudi lakini hawasemi. Anayeingia ameinamisha kofia hataomba aitiwe meneja kwa sababu ya shuka. Kwa hiyo nairekebisha hoja yangu kidogo: kinachoilinda gesti mbovu ni mteja asiye na sauti, awe ameshaondoka au amejificha. Hali hiyo imezidi siku hizi. Stendi kuu ilihamia Mbezi, ikazinduliwa rasmi mwaka 2021, na Oktoba 2023 mabasi yakaruhusiwa kusafiri saa 24. Abiria wengi sasa wanalala kwenye kiti. Gesti nyingi za zamani zimebaki na wateja wa mchana, na ukiingia unaiona tofauti kwa macho.

Kwa hiyo msafiri, usilipe kabla ya kuona. Omba funguo, inua godoro upande wa kichwani uangalie mshono kwa tochi ya simu, fungua bomba, washa feni, funga mlango kwa ndani. Kama chumba hakifai, rudisha funguo ukatafute kwingine hata kama ni saa 5 usiku. Na ukigundua ubovu ukiwa umechelewa, asubuhi usimfokee yule dada wa mapokezi. Muombe namba ya tajiri, umpigie yeye.